Afya ya Mama: Kupasuliwa na Kutolewa Kizazi

Mwezi huu tungependa tuzungumze juu ya jambo ambalo wengi wetu hulinong'ona tu jikoni, nalo ni mama kupasuliwa tumbo na kutolewa kizazi kwa sababu ya saratani. Hatulisemi ili kuwatisha. Tunalisema kwa sababu katika miaka yetu ya kuuguza tumeona kwamba mama anayejua mapema yatakayompata huvumilia vizuri kuliko yule anayepelekwa kama kipofu, akisikia mambo mapya kila asubuhi.

Damu iliyorudi

Tuanze na mama mmoja ambaye ametupa ruhusa tueleze habari zake, ila jina lake tumelihifadhi. Alikuwa mwenzetu katika umoja wa wanawake, mama wa miaka 56, mwenye watoto watano na wajukuu. Siku moja baada ya kikao, wenzake walipokwisha kuondoka, alibaki nyuma akiikunja kanga yake na kuikunjua. Tukamwuliza kama kuna neno. Akasema kwa sauti ndogo, "Sista, mimi na hedhi tulikwisha kuagana, huu mwaka wa nne. Lakini tangu Pasaka damu imerudi, kidogo kidogo. Shoga zangu wananiambia ujana umerudi, nifurahi."

Tukamwuliza, "Mama, na baba anajua?" Akatikisa kichwa. Tangu Pasaka hadi siku ile ilikuwa imepita miezi saba.

Akina mama, damu kwa mwanamke aliyekwisha koma hedhi si ujana. Mara nyingi chanzo chake si kikubwa, kama ukavu wa uke au kinyama kisicho cha hatari. Lakini yaweza pia kuwa dalili ya kwanza ya saratani ya ndani ya kizazi, na hakuna awezaye kutofautisha kwa kukisia, hata sisi wauguzi. Kwa wale ambao bado wanapata hedhi, damu inayotoka baada ya tendo la ndoa, au katikati ya mwezi, au uchafu wenye harufu mbaya usiokwisha, ni jambo la kwenda kupimwa, kwani hivyo ndivyo saratani ya mlango wa kizazi huanza kujionyesha. Tena katika siku zake za mwanzo huwa haiumi. Wengi wetu hungoja maumivu ndipo twende hospitali, na maumivu yanapofika mara nyingi ugonjwa umekwisha kusambaa.

Tulimsindikiza. Alipigwa picha ya ultrasaundi, kisha akakatwa kinyama kidogo ndani ya kizazi kikapelekwa maabara. Majibu yalipotoka daktari alimweleza kwa upole kwamba ni saratani ya utando wa ndani ya kizazi, kwamba picha zinaonyesha haijatoka nje ya kizazi, na kwamba tiba ni kupasuliwa na kuondoa kizazi pamoja na mlango wake, mirija na ovari zote mbili.

Kwa neno saratani hakulia. Alilia kwa neno kuondoa kizazi. Njiani, ndani ya basi, alituuliza, "Sasa nitakuwa nani, Sista? Si nitakuwa gunzi tupu?"

Kinachoondoka na kinachobaki

Swali lile tumeulizwa na akina mama wengi, kwa hiyo yafaa tulijibu kwa kirefu. Kizazi ni mfuko wa misuli, urefu wake kama sentimita 7 au 8, umbo lake kama parachichi dogo lililopinduliwa. Kazi yake ni kulea mimba, na kila mwezi ambao hakuna mimba huvua utando wake wa ndani, ndiyo hedhi. Kikiondolewa, hedhi hukoma na mimba haiwezi kutungwa. Haya mawili ni ya kweli, na kwa mama kijana ambaye bado alitaka watoto ni huzuni kubwa ambayo haifai kupuuzwa kwa maneno mepesi.

Lakini nguvu za mama hazikai kwenye kizazi. Tumbo halibaki na shimo, maana matumbo husogea na kujaza nafasi. Uke unabaki, ingawa sehemu ya juu hushonwa, na katika saratani ya mlango wa kizazi daktari huweza kukata na kipande kidogo cha juu cha uke. Mapenzi kati ya mume na mke hayakatwi kwa kisu.

Ovari ni habari nyingine. Hizo ndizo zinazotoa homoni za kike. Mama ambaye hajakoma hedhi akitolewa ovari zote mbili, huingia katika ukomo wa hedhi kwa ghafla: joto la kupanda usoni, jasho la usiku, kukosa usingizi, ukavu wa uke, na hasira za karibu. Si wazimu wala si uchawi. Amweleze daktari, kwani kuna njia za kumsaidia, na njia ipi inafaa hutegemea aina ya saratani aliyokuwa nayo.

Tuseme pia kwamba si kila saratani ya uzazi hutibiwa kwa kupasua. Saratani ya mlango wa kizazi hupasuliwa ikiwa bado changa. Ikiwa imekwisha kusogea pembeni, tiba yake ni mionzi pamoja na dawa za saratani, tiba ambazo hapa Tanzania hutolewa katika Taasisi ya Saratani ya Ocean Road, Dar es Salaam, na katika Hospitali ya Bugando, Mwanza. Mama akiambiwa hapasuliwi, asidhani amekatiwa tamaa. Mionzi nayo ni tiba.

Wengine hutuuliza, "Mbona ndugu yangu aliyeko Ulaya alitolewa kizazi kwa matundu madogo, na mimi napasuliwa tumbo zima? Ni kwa sababu mimi ni maskini?" Hapana. Kwa saratani ya utando wa ndani ya kizazi, ikiwa changa, njia ya matundu ni salama palipo na vifaa na wataalamu. Lakini kwa saratani ya mlango wa kizazi, mwaka 2018 ulichapishwa utafiti uliofanyika katika nchi mbalimbali kwa wanawake 631. Baada ya miaka minne na nusu, kati ya kila wanawake 100 waliopasuliwa tumbo, 96 au 97 walikuwa hai bila saratani kuwarudia, na kati ya waliopasuliwa kwa matundu walikuwa 86. Tangu hapo hata katika nchi tajiri madaktari wengi walirudi kwenye kupasua tumbo kwa ugonjwa huo. Kovu refu si alama ya umaskini.

Kabla ya siku yenyewe

Mama yetu alipangiwa tarehe, naye akataka kuisogeza mbele kwa sababu ya ubarikio wa mjukuu. Tulimsihi asifanye hivyo. Sherehe yaweza kufanyika bila bibi kupika. Palikuwa pia na jirani aliyemwambia aache kisu, aombewe tu. Sisi tulimwambia tutamwombea, naye atapasuliwa, na kwamba mambo haya mawili hayagombani.

Kazi ya kwanza ilikuwa kumwambia mumewe. Alituomba tuwepo. Mzee, mwalimu mstaafu asiye na maneno mengi, alisikiliza hadi mwisho, akakaa kimya kitambo, kisha akauliza swali moja tu: "Watanirudishia akiwa mzima?" Yule mama alikuwa amebeba siri miezi saba akiogopa kuachwa. Mzee alichokuwa akikiogopa ni kufiwa.

Basi haya ndiyo maandalizi tunayoshauri:

Uliza maswali, na ikiwezekana mwende wawili, maana masikio ya mgonjwa husikia nusu. Uliza: Mtaondoa nini na mtaacha nini? Ovari zangu zitabaki? Mtapasua kwa kusimama au kwa kulala? Kwa saratani mara nyingi hupasuliwa kwa kusimama, kuanzia karibu na kitovu kwenda chini, ili daktari aone vizuri. Nitalala hospitali siku ngapi? Baada yake nitahitaji mionzi? Fomu ya ridhaa ni yako wewe mama kuitia sahihi. Usiisaini kabla hujaelewa, wala usione haya kusema, "Daktari, naomba unirudilie."

Damu. Mama aliyetokwa damu kwa miezi huwa amepungukiwa. Atapimwa wingi wa damu, kundi la damu, sukari, figo, na vipimo vingine, na huenda akapewa dawa za kuongeza damu au akaongezewa damu yenyewe. Ndugu na wana umoja wajitolee damu mapema. Kwa mama yetu walikwenda vijana wanne wa kwaya, na ile chupa ya damu ilikuwa zawadi kubwa kuliko mkungu wa ndizi.

Dawa. Peleka dawa zako zote unazotumia, hata za mitishamba, uzionyeshe. Dawa za presha na kisukari usiziache wala kuzimeza kwa kukisia. Aspirini na dawa za kulainisha damu lazima daktari azijue, na baadhi ya mitishamba huongeza kutoka damu. Anayevuta sigara aache mapema awezavyo, kwani mapafu ya mvutaji huleta taabu wakati wa usingizi wa dawa na kikohozi chake huvuta mshono. Anayetumia ugoro naye aseme.

Nyumba. Hili wengi hulisahau. Panga nani atateka maji, nani atapika, nani atalala na watoto. Mgonjwa alale kitandani, si mkekani, kwa sababu kuinuka kutoka chini huvuta tumbo. Kama choo chenu ni cha kuchuchumaa, tafuteni kiti kikuukuu, kitobolewe katikati, kiwekwe juu ya tundu. Mzee wetu alikitengeneza kwa msumeno wake mwenyewe, na hadi leo majirani huja kukiazima.

Mfuko wa hospitali. Weka kanga nne au tano, gauni pana lisilobana kiunoni, chupi kubwa za pamba zinazopita juu ya mshono, pedi, ndala zisizoteleza, mto mdogo, na karatasi zako zote pamoja na kadi ya bima kama unayo.

Siku ya kupasuliwa

Utaambiwa usile. Kwa kawaida chakula huachwa kwa muda usiopungua saa 6 kabla, na hospitali nyingi huanzia usiku wa kuamkia siku hiyo. Maji matupu huweza kuruhusiwa hadi karibu zaidi na wakati wenyewe, lakini fuata uliyoambiwa na hospitali yako. Sababu yake ni kwamba chakula kikiwa tumboni wakati umelala kwa dawa, kinaweza kupanda na kuingia kwenye mapafu. Kwa hiyo asitokee shangazi mwenye huruma akakupa uji kwa siri.

Oga vizuri. Usinyoe mwenyewe nyumbani, kwa sababu wembe huacha mikwaruzo inayoingiza wadudu wa maradhi. Ondoa rangi ya kucha, hereni, pete, nywele za bandia na meno ya bandia. Utawekewa dripu, na mpira wa mkojo pia, aghalabu ukiwa umekwisha kulala. Kwa upasuaji huu mama hulazwa kwa nusukaputi, au huchomwa sindano ya mgongo, au vyote viwili. Ukilala kwa nusukaputi hutasikia kisu. Kazi yenyewe huchukua saa kadhaa, kwa hiyo wanaongoja nje wasianze kulia saa ya kwanza inapopita.

Siku za hospitali

Utaamka mdomo umekauka, koo linawasha kidogo, na tumbo linauma. Sema unapoumwa. Tumeona akina mama wanaouma meno kwa kujisifu kwamba walizaa bila kupiga kelele. Huku si kuzaa. Anayezuia maumivu hapumui vizuri, hakohoi, wala hainuki, na hapo ndipo nimonia huingia na damu kuganda miguuni. Omba dawa.

Tangu siku ya kwanza chezesha nyayo, kunja na kunjua magoti, vuta pumzi ndefu mara kumi kila saa ukiwa macho. Ukitaka kukohoa au kucheka, kandamiza mto juu ya mshono. Ukitaka kuinuka, usijivute moja kwa moja kwa tumbo. Geuka ubavu, shusha miguu, kisha jisukume kwa mikono. Kwa kawaida kesho yake utasimamishwa na kutembea hatua chache. Ndugu wasikasirike wakidhani muuguzi hana huruma. Damu iliyoganda mguuni huweza kwenda mapafuni na kuua, na kutembea ni mojawapo ya kinga zake.

Mpira wa mkojo mara nyingi hutolewa baada ya siku moja au mbili. Waliofanyiwa upasuaji mkubwa zaidi wa saratani ya mlango wa kizazi huweza kukaa nao siku nyingi, wengine hata kwenda nao nyumbani, kwa sababu mishipa ya kibofu hushtuka. Tumbo nalo huchelewa kuamka. Upepo ukitoka, usione aibu, mwambie muuguzi, nasi tutafurahi maana matumbo yameanza kazi. Wengi hukaa hospitali siku 3 hadi 7.

Majuma sita ya nyumbani

Hapa ndipo mama yetu alipopata matatizo, na kosa lilikuwa letu pia. Alitoka hospitali siku ya tano, mshono safi. Majuma mawili alikaa vizuri, nyuzi zikatolewa. Mzee alijifunza kupika uji, akaunguza sufuria mbili, akaendelea. Juma la tatu wakaja wageni kutoka Tanga. Bomba lilikuwa limekatika, mkwewe alikuwa sokoni, naye mama akaona haya wageni wakae bila maji ya kunawa. Akachukua ndoo akaenda kwa jirani.

Usiku ule tumbo likamvuta. Asubuhi sehemu ya chini ya mshono ilikuwa imefunguka, inatoa maji. Tulimrudisha hospitali siku ile ile. Kwa bahati njema kilichofunguka ni ngozi na mafuta, tabaka la ndani lilikuwa imara. Kidonda kikasafishwa na kufungwa kila siku kwa karibu majuma matatu mengine.

Tulipomwuliza, "Mama, si tulikuambia usibebe vitu vizito?" akatushangaa. "Sista, mimi nilibeba ndoo tu." Tukakosa jibu. Kwa mwanamke aliyebeba ndoo tangu ana miaka kumi, ndoo si kitu kizito. Kizito ni gunia. Tangu siku ile hatusemi tena vitu vizito. Tunataja: ndoo ya lita 20 ni kilo 20. Mtoto wa mwaka mmoja ana kilo kama 9. Kwa majuma sita usibebe kitu kinachozidi kilo 4 hivi, yaani birika la chai lililojaa linatosha. Mjukuu apandishwe mapajani na mtu mwingine. Usitwange, usilime, usifue mashuka, usisukume meza, usisonge ugali wa watu kumi.

Lakini kutobeba si kulala tu kitandani. Tembea kila siku, kuzunguka nyumba kwanza, kisha hadi kwa jirani, ukiongeza kidogo kidogo. Kunywa maji, kula papai, mboga za majani, maharage, samaki, mayai, mtori na matunda, ili upate choo laini na nyama ya mshono ishikamane. Kujikamua kwa choo kigumu huumiza mshono wa ndani usioonekana.

Sasa neno kwa mama wazazi na mashangazi. Mila yetu ya kumkanda aliyejifungua kwa maji ya moto isitumike hapa hata kidogo. Tumbo lililopasuliwa halikandwi, halisuguliwi mafuta, wala halifungwi kanga kwa kubana. Mshono huoshwa kwa maji safi na sabuni laini, hukaushwa kwa kugusagusa kitambaa safi, basi. Usipake majivu, dawa ya meno, asali wala unga wa mti wowote.

Kutokwa na uchafu wa rangi ya kahawia au damu kidogo ukeni kwa majuma machache ni kawaida. Tumia pedi, usiingize kitu ukeni.

Rudi hospitali bila kungoja tarehe ukiona mojawapo ya haya:

– homa ya nyuzi 38 au zaidi, au kutetemeka kwa baridi;
– damu nyingi inayojaza pedi kwa saa moja, au uchafu wenye harufu mbaya;
– mshono mwekundu, wa moto, unaotoa usaha au unaofunguka;
– mguu mmoja kuvimba na kuuma, hasa muundi wa nyuma;
– pumzi kukatika au kifua kuchoma. Hili ni la dakika, si la kesho;
– tumbo kujaa na kutapika, au kukosa mkojo;
– mkojo kuvuja wenyewe ukeni. Usijifiche kwa aibu, huo ni ugonjwa unaotibika.

Mambo ya chumbani na ya moyoni

Tendo la ndoa lingoje si chini ya majuma sita, na daktari awe amekupima akaona mshono wa ndani umepona. Wengine huambiwa wangoje zaidi. Mume aambiwe sababu mapema, asidhani anakataliwa. Baadaye mwende polepole. Kama kuna ukavu, kuna mafuta maalumu ya kulainisha ambayo muuguzi au mfamasia atakuelekeza. Saratani hii si ya kuambukiza kwa kulala kitanda kimoja, na mke hakugeuka kuwa dada.

Machozi nayo yatakuja, mara nyingi juma la pili au la tatu, wageni wanapopungua. Mama yetu alikuwa akilia akianua nguo za watoto kwenye kamba, naye ni bibi wa miaka 56 ambaye hakutaka kuzaa tena. Hakuna haja ya kumwuliza analilia nini. Wifi mmoja alimtania kwamba sasa ni gunzi. Mzee akajibu kabla yake: "Wifi yako ni mke wangu. Gunzi ni maneno yako." Hatukumsikia akitaniwa tena.

Mnaokwenda kumtazama mgonjwa, msikae saa tatu mkimsimulia waliokufa. Fueni, tekeni maji, ombeni kwa ufupi, mwacheni alale.

Majibu ya mwisho

Kizazi kikiondolewa hupelekwa maabara, na majibu yake huweza kuchukua majuma kadhaa. Usiyaache huko. Majibu hayo ndiyo husema kama kisu kimetosha au kama mionzi au dawa vinahitajika. Tunamjua mama mwingine aliyejiona amepona, hakurudi kuchukua majibu, na aliporudi baada ya mwaka mmoja ugonjwa ulikuwa umerudi kabla yake. Tulimuuguza hadi mwisho, na jambo hilo bado linatuuma.

Mama yetu alifuata yake. Saratani ilikuwa haijapenya ndani sana, hakuhitaji zaidi. Huenda kliniki kwa tarehe zake, kila baada ya miezi michache kwa miaka miwili ya mwanzo, kisha kwa nafasi kubwa zaidi. Sasa ni mwaka wa tatu. Mwezi uliopita alibaki tena baada ya kikao, safari hii akiwa amemshika mkono mwenzake wa jirani. "Sista," akasema, "huyu naye ujana umerudi. Tunakwenda lini?"

Na ninyi wenye mabinti, chanjo ya kuzuia virusi vinavyoleta saratani ya mlango wa kizazi ilianza kutolewa nchini kote mwaka 2018, na mwaka 2024 ilitolewa kwa sindano moja kwa wasichana wa miaka 9 hadi 14. Mpelekeni binti. Na wewe mwenyewe kapimwe mlango wa kizazi, hasa ukiwa na miaka 30 hadi 50, au mapema zaidi kama unaishi na virusi vya Ukimwi. Kupima kwa siki huchukua dakika chache na hakuhitaji kisu.